Jinsi ya kufuatilia nasaba ya wasanii wa vodevili waliotulia Magharibi ya Marekani: mwongozo kamili

Mama mkwe wangu alipohama nyumba yake ya Spokane, jimbo la Washington, akaja kuishi nasi, alileta masanduku mawili ya nguo na kasha moja kubwa la mbao lenye vyuma pembeni. Ubavuni mwa kasha palikuwa na vibandiko vya reli, vingine vimebanduka nusu. "Hilo la baba na mama," aliniambia. "Walikuwa watu wa jukwaani." Hakuwa na mengi ya kuongeza. Waliimba, walicheza dansi, walizunguka nchi kwa treni, kisha siku moja wakashuka Spokane wasipande tena.

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu mtoto hutajiwa jina la baba, la babu na la baba wa babu kabla hajashika kalamu. Wanangu upande wangu wanaijua nasaba yao vizuri, lakini upande wa mama yao walikuwa wakikomea kwenye kasha hilo. Nimetumia karibu miaka minne kulifuatilia, na mengi nilijifunza baada ya kupoteza muda. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko huku ambao wameoa au kuolewa katika familia za namna hii, na kila anayependa kazi ya nasaba.

Kwanza ujue vodevili ilivyokwenda

Vodevili ilikuwa burudani kubwa ya mijini Marekani tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa tiketi moja mtu aliona maonyesho manane au tisa mfululizo: wanasarakasi, waimbaji, wachekeshaji, mbwa waliofunzwa, igizo fupi. Tony Pastor alifungua ukumbi New York mwaka 1881 wenye burudani ambayo mtu angeweza kwenda na mke na watoto. B. F. Keith wa Boston akaifanya biashara kubwa, na kumbi zikaanza kuunganishwa katika mizunguko, yaani minyororo ya kumbi za miji mbalimbali chini ya mwajiri mmoja.

Kwa Magharibi, kariri mizunguko mitatu. Orpheum ilianzia San Francisco mwaka 1887, na chini ya Martin Beck ikaenea hadi Chicago. Alexander Pantages, Mgiriki aliyeanza shughuli zake kwenye miji ya wachimba dhahabu wa Klondike, alihamia Seattle mwaka 1902 na kujenga mzunguko wake hapo. Sullivan na Considine nao walikuwa na makao Seattle, na kumbi zao zilikuwa za bei nafuu. Msanii alitia saini mkataba wa wiki nyingi akapewa ratiba: wiki hii Winnipeg, ijayo Calgary, kisha Spokane, Seattle, Portland, San Francisco, Los Angeles, Salt Lake City, Denver. Nyumba yake ilikuwa kasha.

Ndiyo maana njia za kawaida za kutafuta nasaba humkosa. Mkulima huacha hati ya shamba na mwenye duka huacha leseni, lakini msanii wa vodevili aliacha tangazo la gazeti, la mji aliokaa siku saba. Ifuate kazi yake, nayo itakupeleka kwake.

Hatua ya kwanza: mzee kabla ya kompyuta

Kaa na mzee aliyebaki. Usimwulize "babu alikuwa nani," kwa sababu atakujibu kile alichozoea kusema kwenye sherehe. Mwulize waliimba nini jikoni. Nani alikuja Krismasi na hakuwa ndugu wa damu? Baba alikuwa anaumwa nini? Nani aliandikiwa barua kila mwaka, na kwenda wapi? Mama mkwe alikuwa na mashangazi watatu utotoni, na baada ya kuhesabu ndugu wote tukagundua hakuna hata mmoja aliyekuwa wa ukoo. Walikuwa wasanii wenzao wa zamani. Mmoja wao, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa ndiye mwenza wa kwanza wa bibi (mama yake mama mkwe) jukwaani, kabla babu hajaingia.

Mrekodi kwa simu, kwa awamu fupi, na umwonyeshe picha mojamoja. Wazee hukumbuka kwa kitu kilichoko mkononi.

Hatua ya pili: kufungua kasha

Kabla hujatoa chochote, piga picha jinsi vitu vilivyopangwa. Barua zilizofungwa kwa utepe mmoja zilifungwa hivyo kwa sababu.

Wasanii wengi walitunza daftari la vipande vya magazeti. Usibandue hata kipande kimoja. Gundi ya zamani hukausha karatasi, na ukivuta, maandishi ya nyuma hubaki kwenye ukurasa. Piga ukurasa mzima, kisha kila kipande kwa karibu, kwenye mwanga wa dirisha bila flashi. Mara nyingi jina la gazeti na tarehe vilikatwa, kwa hiyo soma kila kitu kilicho pembeni mwa habari: bei ya siagi, tangazo la duka, jina la ukumbi wa jirani. Mimi niliupata mji wa Butte, Montana, kwa tangazo la duka la viatu lililokuwa pembeni mwa sifa za bibi.

Picha zigeuze. Muhuri wa studio hukupa mji: Bloom walikuwa Chicago, White na Apeda New York. Wasanii pia walipeana picha zenye maandishi ya mkono, na hapo ndipo utakapopata majina ya watu waliosafiri nao. Wewe andika kwa penseli laini tu, nyuma, pembeni kabisa.

Hatua ya tatu: anzia kaburini urudi nyuma

Kishawishi ni kuanza na enzi zao za umaarufu. Jizuie. Msanii aliyetulia mji mmoja miaka ishirini ameacha alama thabiti mwishoni mwa maisha yake, na hizo ndizo zitakazokuthibitishia kwamba mtu wa kwenye bango ndiye wako.

Tafuta cheti cha kifo, tangazo la tanzia na kaburi. Jimbo la Washington lina hifadhi ya kidijitali ya bure yenye ndoa na vifo vingi. Kwa California, faharasa ya vifo vya 1940 hadi 1997 mara nyingi huwa na jina la ukoo la mama wa marehemu, na hilo ni dhahabu kwa mtu aliyebadilisha jina. Angalia pia kama kaburi liko kwenye eneo la Elks. Chama hicho kilianzishwa New York mwaka 1868 na watu wa jukwaani, na kikawa na matawi katika miji mingi ya Magharibi, hivyo kumbukumbu za tawi zinaweza kuonyesha alijiunga wapi na lini.

Kisha vitabu vya anwani za mji, vile vilivyochapwa na R. L. Polk. Fungua mwaka hadi mwaka kurudi nyuma mpaka jina lipotee. Mwaka lilipotokea mara ya kwanza ndio mwaka walipotulia, ukiondoa kidogo kwa ajili ya uchapaji. Babu wa mke wangu anaonekana mara ya kwanza kama mwalimu wa dansi.

Hatua ya nne: orodha ya majina

Chukua karatasi uandike kila jina: la kuzaliwa, la jukwaani, la kundi, la mwenza, la ndoa ya kwanza, la utani. Kisha andika kila namna ambayo mpiga chapa angeweza kulikosea.

Angalia familia ya Gumm. Frank na Ethel Gumm waliimba kwa majina ya Jack na Virginia Lee. Waliendesha ukumbi Grand Rapids, Minnesota, kisha katika miaka ya 1920 wakahamia Lancaster, mji wa jangwani kaskazini ya Los Angeles, ambako Frank aliendesha ukumbi mwingine. Binti yao mdogo, Frances, aliyezaliwa 1922, ndiye dunia inayemjua kwa jina la Judy Garland. Mtu anayetafuta "Gumm" peke yake kwenye matangazo atazikosa siku za Lee, na anayetafuta "Lee" hatafika Lancaster.

Neno "ndugu" kwenye bango si ushahidi wa udugu. Makundi ya "dada" yaliundwa na wasichana waliofanana urefu, na mmoja akiolewa mwingine huchukua nafasi yake na jina lake. Ukipata jina la kundi mwaka 1911 na tena 1919, usidhani ni watu walewale hadi uone picha.

Hatua ya tano: jedwali la wiki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo penye raha. Fungua jedwali, kila mstari uwe wiki moja. Nguzo ni hizi: tarehe ya kuanza, mji, ukumbi, mzunguko, nafasi kwenye programu, wasanii wengine, na ulipoitoa habari. Mistari mingi itakuwa mitupu. Iache.

Anza na magazeti ya kazi yao. New York Clipper lilichapwa tangu 1853 hadi 1924, na nakala zake zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Illinois. Variety lilianza 1905, na matoleo yake ya zamani yanasomeka bure katika maktaba ya kidijitali ya historia ya vyombo vya habari. Billboard lilianza 1894. Variety lilichapa orodha za maonyesho ya wiki inayofuata, mzunguko kwa mzunguko na mji kwa mji, kwa herufi ndogo mno. Billboard nalo lilichapa orodha ya watu wenye barua zinazowasubiri ofisini, maana mtu wa reli hakuwa na anwani nyingine. Jina likikaa kwenye orodha hiyo muda mrefu, huenda mtu huyo alikuwa ameacha kazi au anaumwa.

Kisha nenda magazeti ya miji. Maktaba ya Bunge la Marekani ina Chronicling America, na majimbo ya California, Colorado, Utah na Washington yana hifadhi zao. Zote ni bure.

Sasa kanuni iliyoniokoa. Kompyuta husoma vibaya herufi za mapambo za matangazo ya kumbi, kwa hiyo jina lako huenda lipo na utafutaji usilione. Usitafute jina. Tafuta ukumbi, kwa mfano Pantages ya Spokane, fungua gazeti la siku programu mpya inapoanza, usome kwa macho. Na ukipata wiki moja ya uhakika, chukua jina la msanii mkubwa wa programu ile na umfuate yeye. Kwenye mzunguko wa Pantages programu nzima mara nyingi ilisafiri pamoja, kwa hiyo alikolala mwenye jina kubwa, na babu yako alilala mji huohuo. Kwa njia hii peke yake nilijaza wiki kumi na moja bila kuliona jina la babu kwenye ukurasa wowote, kisha nikarudi kuzithibitisha mojamoja.

Isome na nafasi yao pia. Wa kwanza kupanda alikuwa mwanasarakasi au mchezaji asiyetumia maneno, kwa kuwa watu walikuwa bado wanatafuta viti. Nyota alipanda wa pili kutoka mwisho. Bibi na babu walikuwa karibu kila mara wa pili kupanda, nafasi ya watu wa kawaida wenye kazi nzuri. Familia ilikuwa ikisimulia kwamba walikuwa nyota. Nilimwambia mama mkwe ukweli kwa upole, nikamwonyesha pia kwamba waliajiriwa wiki baada ya wiki kwa misimu saba, jambo ambalo wengi hawakulipata.

Kama walipita kwenye kumbi za Keith za Mashariki, Chuo Kikuu cha Iowa kina ripoti za mameneja waliokuwa wakiandika maoni yao juu ya kila onyesho. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kina mkusanyiko wa picha za J. Willis Sayre, zaidi ya picha 20,000 za watu wa jukwaani. Chuo Kikuu cha Arizona kina mkusanyiko wa makumbusho ya vodevili. Waandikie wakutubi. Ukiwapa tarehe na ukumbi watakusaidia, lakini ukiwapa hadithi ndefu watakuomba tarehe na ukumbi.

Hatua ya sita: hati za serikali

Sensa isome ukikumbuka msimu wa kazi. Kumbi nyingi zilifungwa kiangazi kwa joto. Sensa ya 1900 ilihesabu watu kwa tarehe 1 Juni, hivyo mtafute msanii kwa wazazi wake. Ya 1910 ilikuwa 15 Aprili na ya 1920 ilikuwa 1 Januari, katikati ya msimu, kwa hiyo mtafute hotelini na kwenye nyumba za wapangaji, mahali ambapo karani aliandika alichoambiwa na mwenye nyumba. Wengine walihesabiwa mara mbili na wengine hawakuhesabiwa kabisa. Ya 1890 usiisumbukie, maana karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Ya 1940 ina alama ya msalaba ndani ya duara kwa mtu aliyetoa majibu, nayo huuliza mtu aliishi wapi mwaka 1935. Ya 1950 ndiyo ya mwisho iliyofunguliwa.

Kadi za usajili wa jeshi za 1917 na 1918 naziweka juu ya hati zote. Wanaume waliozaliwa kati ya 1872 na 1900 walitakiwa kujiandikisha popote walipo. Ya babu ilijazwa 5 Juni 1917. Kazi: msanii wa jukwaani. Mwajiri: jina la mzunguko. Mahali pa kazi: "safarini". Anwani: ya mama yake, Ohio. Nilikaa kimya mbele ya ile kadi, kwa sababu familia ilikuwa ikisema alizaliwa Ireland. Lafudhi ile ilikuwa ya jukwaani, na watoto wake waliikuta nyumbani wakaiamini.

Kama walitumbuiza ng'ambo, Australia au Afrika Kusini, tafuta maombi ya pasipoti hadi 1925. Tangu mwisho wa 1914 yanakuwa na picha. Kwa wasanii wa asili ya Kichina, majalada ya sheria ya kuwazuia Wachina, ya 1882 hadi 1943, yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko San Bruno na Seattle, na yana mahojiano marefu ya kila safari. Sheria ilikuwa ya dhuluma, na karatasi zake leo zinawarudishia wajukuu sauti za babu zao. Na fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, iliyoanza mwishoni mwa 1936, ina jina la kuzaliwa na majina ya wazazi kwa maneno ya mwombaji mwenyewe. Nakala hupatikana kwa ada.

Juu ya umri, usiamini chanzo kimoja. Watoto walikuzwa miaka kwenye karatasi ili kukwepa chama cha New York cha kulinda watoto, ambacho kilizuia wadogo kupanda jukwaani, na wakubwa walijipunguzia. Gracie Allen, mzaliwa wa San Francisco, aliyepanda jukwaa la vodevili na George Burns, baadaye mumewe, kabla ya kutulia Beverly Hills, ametajwa kuzaliwa miaka tofauti kati ya 1895 na 1906. Kumbukumbu za mji ziliteketea katika tetemeko na moto wa Aprili 1906. Kaburi linasema 1902. Sensa ya 1900 inamwonyesha tayari yupo, kazaliwa Julai 1895. Kwa mtu wako, chukua hati iliyoandikwa mapema zaidi, na mtu asiye na faida ya kudanganya.

Hatua ya saba: kwa nini walishuka treni

Kuna sababu za jumla. Filamu zenye sauti zilikuja 1927. Mwaka 1928 Keith-Albee-Orpheum, kampuni iliyounganisha kumbi za Keith na za Orpheum, ikamezwa na kampuni ya filamu ya RKO. Mwaka 1932 Palace ya New York, ukumbi ambao kila msanii aliuota, ukaacha vodevili kamili. Lakini familia yako ina sababu yake, nayo huonekana ukiweka wiki ya mwisho ya jedwali kando ya hati ya kwanza ya mji: mtoto, kifua kikuu, kifo cha mwenza, talaka ya Reno, Nevada (mwaka 1931 jimbo hilo lilishusha muda wa ukaazi unaotakiwa kabla ya talaka hadi wiki sita), kazi ya umeneja wa ukumbi, studio za Los Angeles. Kwa wetu, wiki ya mwisho ni Spokane, na miezi mitano baadaye kuna cheti cha kuzaliwa cha kaka yake mama mkwe.

Hatua ya nane: utakapokuta uso uliopakwa masizi

Chini kabisa ya kasha palikuwa na picha iliyolazwa kifudifudi. Niliigeuza binti yangu wa miaka kumi na miwili akiwa ameketi kando yangu. Babu wa mama yake, uso mweusi wa kizibo kilichochomwa, midomo mikubwa ya rangi nyeupe, macho yamekodolewa. Binti yangu alitazama picha, kisha akatazama mikono yangu.

Wazungu kujipaka weusi ili kuwaigiza na kuwadhihaki watu weusi lilikuwa jambo la kila siku kwenye vodevili, na halikuwa dogo kwa waliodhihakiwa. Bert Williams, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa zama zile, mtu mweusi aliyezaliwa Bahamas, naye alilazimika kupaka kizibo ili apande jukwaa hilohilo. Nilimweleza binti yangu yote hayo kadiri nilivyoweza. Mama mkwe alisema aliijua picha ile tangu utoto, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiilaza kifudifudi.

Ushauri wangu ni kwamba usiichome wala usiifiche. Iskani kama nyingine, andika nyuma ni nani, wapi, lini, na kilichofanyika. Kisha watafute pia wasanii weusi waliopita miji ileile, kwa sababu huenda wajukuu wao wanatafuta kama wewe. Wengi walifanya kazi katika mzunguko wao, T.O.B.A. (Theatre Owners' Booking Association), na habari zao zimo katika kurasa za burudani za Indianapolis Freeman na Chicago Defender, na kwa Los Angeles katika California Eagle.

Hatua ya mwisho: pa kuviweka

Toa nakala tatu za kila skani: moja nyumbani, moja kwa ndugu wa mji mwingine, moja mtandaoni. Vitu vyenyewe viweke kwenye maboksi ya karatasi isiyo na asidi, mbali na darini na mbali na chini ya nyumba. Ukifikiria kuvitoa kwa maktaba, uliza kwanza kama watavipokea vyote pamoja, na uandikishane. Niliwahi kuazima daftari moja kwa watu walioniahidi kulirudisha baada ya mwezi, likarudi baada ya mwaka na kurasa mbili pungufu. Tangu hapo natoa nakala tu.

Jedwali letu sasa lina wiki 214 zilizojaa na nyingine nyingi tupu. Nimelichapa kwa herufi kubwa ili mama mkwe alisome bila miwani. Hulisoma kwa sauti baada ya chai ya asubuhi, mji kwa mji, na kidole chake husimama kila mara kwenye wiki ile ya mwisho ya Spokane. Jumatatu iliyopita alisimama mahali pengine, Great Falls, 1921, mstari mtupu. "Hapa mama aliumwa," alisema. "Kuna shangazi aliyeimba badala yake." Nimeliandikia gazeti la mji huo.